Kocha Aliyefungwa Mara 60: Rekodi za James Naismith, Baba wa Mpira wa Kikapu

Tangu mwaka 1898, timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, imekuwa na makocha wakuu wanane tu. Saba kati yao wana ushindi mwingi kuliko vichapo. Mmoja peke yake hesabu yake imepinduka: ameshinda 55, amefungwa 60. Na huyo mmoja ndiye aliyeubuni mchezo wenyewe!

Anaitwa James Naismith. Alizaliwa tarehe 6 Novemba 1861 karibu na Almonte, mji mdogo wa jimbo la Ontario, Kanada, akafariki tarehe 28 Novemba 1939 mjini Lawrence, Kansas. Ndani ya miaka hiyo 78 alikuwa yatima, mkata magogo, mwanamichezo, mchungaji, daktari, kocha na mwalimu. Ukocha ulimchukua miaka tisa. Chuoni Kansas alidumu miaka 39. Nimezipanga hapa rekodi zake pamoja na za watu waliopita mikononi mwake, na msomaji ataona mwenyewe kwamba zile nzito hazikupatikana kwenye benchi la kocha. Zilitoka darasani.

1. Agizo la haraka zaidi: siku 14

Desemba 1891, chuo cha mafunzo cha YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, mjini Springfield, Massachusetts. Nje ni baridi kali na viwanja havichezeki. Ndani kuna darasa la wanaume 18 waliokwishachoshwa na mazoezi ya viungo ya kuhesabiwa moja, mbili, tatu, na walimu wawili walikwishawashindwa. Mkuu wa idara, Luther Gulick, akamkabidhi Naismith darasa hilo na siku 14 za kubuni mchezo mpya wa kuchezwa ndani.

Siku 14 hazifiki hata nusu ya mwezi wa Ramadhani. Waingereza walipokaa kuandika sheria za soka mwaka 1863 walihitaji vikao sita, kuanzia tarehe 26 Oktoba hadi 8 Desemba, na soka tayari lilikuwa likichezwa kila mahali. Wao walikuwa chumba kizima cha watu na mchezo mkononi. Naismith alikuwa peke yake, na alianza na sifuri.

Kilichomwokoa ni mchezo wa utotoni kwao Kanada. Watoto waliweka jiwe juu ya mwamba, kisha wakashindana kulidondosha kwa mawe yao. Anayerusha kwa nguvu hukosa, na jiwe lake huenda mbali. Anayerusha kwa kupinda, jiwe likapanda na kushuka taratibu, ndiye anayepata. Naismith akaiweka shabaha juu ya vichwa vya watu, na papo hapo nguvu za mabega zikakosa kazi. Akaandika sheria 13. Akamwomba mhudumu wa jengo masanduku mawili. Mhudumu hakuwa nayo, akamletea vikapu viwili vya kubebea mapichi. Vikapu vikapigiliwa misumari kwenye ukingo wa roshani, kimoja kila upande. Siku zikawa bado hazijaisha.

2. Matokeo madogo zaidi: 1–0

Mechi ya kwanza ilichezwa tarehe 21 Desemba 1891, ikadumu dakika 30 na kuzaa kikapu kimoja.

Tazama mazingira yenyewe. Ukumbi ulikuwa karibu nusu ya uwanja wa leo wa NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, na ndani yake walijazana watu 18, tisa kwa tisa. Leo wachezaji ni kumi kwenye uwanja mzima. Maana yake kila kijana wa Springfield alikuwa na chini ya theluthi ya nafasi aliyonayo mchezaji wa sasa. Mpira ulikuwa wa soka. Kuudunda hakukuwepo: ukiudaka, unasimama hapo hapo na kuurusha kutoka hapo hapo. Vikapu vilikuwa na vitako, hivyo mpira ukiingia unabaki ndani mpaka mtu apande ngazi akautoe.

Mfungaji alikuwa William R. Chase, na alirusha kutoka futi 25, yaani mita 7.6. Mstari wa pointi tatu wa FIBA, shirikisho la dunia la mchezo huu, uko mita 6.75 kutoka kwenye kikapu. Ule wa NBA, hata pale unapokuwa mbali zaidi, ni mita 7.24. Kikapu cha kwanza kabisa duniani kingekuwa halali ya pointi tatu kwenye ligi yoyote ya leo, tena kwa nafasi ya kutosha! Chase alipewa moja.

Sasa nenda upande wa pili wa mizani. Tarehe 13 Desemba 1983, Detroit waliwafunga Denver 186 kwa 184 baada ya kuongezwa muda mara tatu. Jumla ni pointi 370, na hakuna mechi ya NBA iliyowahi kuzifikia. Kwa mwendo wa Springfield, kikapu kimoja kila nusu saa, vijana wa Naismith wangehitaji siku saba na saa 17 za kucheza bila kulala ili kufikisha vikapu 370. Na mji wa Denver haukuwa mgeni kwa bwana huyu: huko ndiko alikosomea udaktari, akahitimu mwaka 1898.

3. Sauti adimu zaidi: kanda moja

Mtu aliyeishi mpaka mwaka 1939, redio ikiwa imetapakaa Marekani nzima, ameacha kanda moja tu ya sauti inayojulikana. Ni mahojiano ya dakika chache ya tarehe 31 Januari 1939 katika kipindi cha redio cha New York, na yalikaa bila kujulikana hadi profesa wa Kansas alipoyaibua mwaka 2015.

Ndani yake mzee anasimulia jaribio la kwanza, kabla sheria hazijakaa sawa. Aliwagawa vijana, akawaonyesha vikapu, akarusha mpira. Wakaanza kukamatana, kupigana mateke na ngumi katikati ya ukumbi. Kabla hajafanikiwa kuwaachanisha, mmoja alikuwa amezimia, kadhaa wamevimba macho, na mwingine bega limeteguka. Dawa aliyoipata ni kanuni moja: hakuna kukimbia na mpira. Asiyekimbia hana sababu ya kuangushwa. Mwenyewe aliiona kuwa ndiyo kanuni kuu kuliko zote, na nikiwaangalia wenye macho yaliyovimba, nakubaliana naye kabisa.

4. Kipimo kigumu zaidi kubadilika: mita 3.05

Idadi ya wachezaji imebadilika, mpira umebadilika, muda umebadilika, na sheria 13 zimekuwa vifungu 50 katika kitabu cha FIBA. Kimo cha kikapu hakijasogea. Ukingo wa ile roshani ya Springfield ulikuwa futi kumi kutoka sakafuni, mita 3.05, na hadi leo ringi iko hapo hapo, kuanzia uwanja wa shule mpaka fainali ya Olimpiki.

Ukisimamisha Coaster la abiria chini ya ringi, paa lake litabaki chini kwa karibu nusu mita. Manute Bol wa Sudan, mmoja wa wachezaji wawili warefu kuliko wote katika historia ya NBA, alikuwa na mita 2.31, kichwa chake kilihitaji sentimita 74 zaidi. Mtanzania wetu Hasheem Thabeet, aliyetoka Chuo Kikuu cha Connecticut na kuwa chaguo la pili la NBA mwaka 2009, ana mita 2.21, akipungukiwa sentimita 84. Naismith mwenyewe alikuwa na mita 1.78. Alijiwekea shabaha iliyomzidi mita moja na robo.

5. Ukumbi mkongwe zaidi: Paris, 1893

Jengo la Springfield halipo tena. Uwanja unaotajwa kuwa mkongwe kuliko wote duniani unaosimama uko namba 14, rue de Trévise, Paris, kwenye jengo la YMCA. Tarehe 27 Desemba 1893 hapo ndipo mpira wa kikapu ulipochezwa Ulaya kwa mara ya kwanza, miaka miwili na siku sita tu baada ya kikapu cha Chase. Sakafu ni ya mbao, na nguzo za chuma zimesimama ndani ya uwanja wenyewe, wachezaji wakizikwepa pamoja na wapinzani. Kasi hiyo ya kusambaa iliufikisha mapema hata Olimpiki: volleyball, iliyobuniwa mwaka 1895 na William Morgan, naye mtu wa Springfield aliyekutana na Naismith chuoni, ilisubiri miaka 69 kuingia Olimpiki. Mpira wa kikapu ulisubiri 45.

6. Kocha mwenye hesabu mbaya zaidi: 55 kwa 60

Hapa ndipo penye utamu.

Naismith alifika Kansas mwaka 1898, na hawakumwita kwa ajili ya ukocha. Chuo kilitaka mtu mmoja wa kazi mbili: aongoze sala katika kanisa la chuo, na afundishe mazoezi ya viungo. Rafiki yake wa Springfield, Amos Alonzo Stagg, ndiye aliyempigia debe. Mchungaji, daktari, mwanamichezo, asiyekunywa wala kuvuta: Kansas wangempata wapi mwingine? Kwamba alikuwa pia mvumbuzi wa mchezo, hiyo ilikuwa nyongeza.

Timu ikaundwa. Tarehe 3 Februari 1899 ikacheza mechi yake ya kwanza dhidi ya YMCA ya Kansas City, ikalala 16 kwa 5. Mvumbuzi wa mchezo amechapwa mara tatu na zaidi, na watu waliosoma sheria zake kwenye karatasi!

Misimu tisa, mechi 115. Hizo ni wastani wa 13 hivi kwa msimu, chini ya nusu ya mechi 30 inazocheza klabu ya Ligi Kuu Tanzania Bara kwa mwaka. Ushindi 55, vichapo 60. Wote saba waliomfuata wamefanya vizuri zaidi yake, na hakuna anayekaribia kuwania nafasi hiyo ya mwisho.

Sababu ipo wazi na haikuwa uzembe. Naismith hakuamini ukocha. Kwake mchezo ulikuwa njia ya kujenga mwili na tabia ya kijana. Ukishamfundisha sheria, mwache acheze. Mara nyingi alishika filimbi mwenyewe akawa mwamuzi, kazi ambayo kocha mwenye njaa ya ushindi asingeigusa. Alipendelea mieleka na mchezo wa upanga, na moyo wake ulikuwa kwenye vipimo vya afya: urefu wa mwanafunzi, upana wa kifua, nguvu za mkono, anakuwaje akifika chuoni na anakuwaje akitoka. Mwaka 1907 akaachia timu bila kinyongo, akarudi alikokuwa ametaka kuwa tangu mwanzo.

7. Muda mrefu zaidi: miaka 39

Kutoka 1898 hadi 1937. Kwa hesabu ya kwetu, ni kama kuanza kazi siku Tanganyika inapata uhuru na kustaafu mwaka wa uchaguzi wa 2000, ukiwa umewapitia marais watatu. Mwaka 1916 alikuwa pamoja na kikosi cha Walinzi wa Taifa wa Kansas kwenye mpaka wa Mexico kama mchungaji wa askari. Kisha vita vikuu vya kwanza vikampeleka Ufaransa na YMCA kwa miezi 19, karibu miaka miwili mbali na mke na watoto watano. Akarudi darasani. Uraia wa Marekani aliuchukua mwaka 1925 tu, akiwa amekwisha kaa nchini humo zaidi ya miaka 30. Alistaafu akiwa na miaka 75, umri ambao makocha wengi wameshasahau namba za wachezaji wao.

8. Ukoo mkubwa zaidi wa ushindi: 2,501

Miongoni mwa vijana waliomchezea Naismith alikuwepo Forrest Allen, maarufu kama Phog. Kijana huyu alipopata nafasi ya kuwa kocha, mwalimu wake alimwambia kwamba mpira wa kikapu haufundishwi, unachezwa tu. Allen hakukubali. Mwaka 1907 alikalia kiti cha Naismith pale pale Kansas, na alipomaliza vipindi vyake viwili mwaka 1956 alikuwa na ushindi 590 kwa Kansas peke yake. Hiyo ni zaidi ya mara kumi ya ushindi wa mwalimu wake. Ukijumlisha vyuo vyote alivyofundisha, anafika 746.

Allen naye akazaa. Adolph Rupp, aliyekuwa mchezaji wake mwanzoni mwa miaka ya 1920, alikwenda Kentucky akashinda mechi 876 na mataji manne ya taifa. Dean Smith, aliyekuwa kwenye kikosi cha Kansas kilichotwaa ubingwa wa mwaka 1952, alikwenda North Carolina akashinda 879 na mataji mawili. Kwa miaka mingi Rupp ndiye aliyeongoza orodha ya makocha wa vyuo nchini Marekani, na aliyemng'oa mwaka 1997 alikuwa nani? Smith. Ndugu wa mwalimu mmoja, mjukuu akimpita mjukuu mwenziwe!

Jumlisha: 746, 876 na 879 ni 2,501. Klabu ya Ligi Kuu ya Bara inayoshinda mechi zake zote 30 kila msimu, bila sare wala kufungwa hata mara moja, ingehitaji zaidi ya misimu 83 kufikia hapo. Ligi yenyewe ilianza mwaka 1965. Ingekuwa imeshinda kila mechi tangu siku ya kwanza, bado ingekuwa nyuma ya watu hawa watatu.

Na mti haukukomea hapo. Mikononi mwa Smith alipita Michael Jordan, aliyefunga kikapu cha ubingwa wa mwaka 1982 akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Alipita pia Larry Brown, aliyerudi Kansas kama kocha na kuipa taji la 1988, na Roy Williams, aliyempokea Brown kiti hicho hicho na kustaafu baadaye akiwa na ushindi 903. Maji yalirudi kisimani. Naismith, mwenye 55 zake, ndiye aliye juu kabisa ya mti wote.

9. Mwanafunzi aliyefungiwa mlango na kuufungua mkubwa zaidi

Hii ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza, hata ikiwa imeangukia ya tisa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alifika Kansas kijana Mweusi, John McLendon, aliyetaka kuwa kocha. Timu ya chuo haikumruhusu kucheza kwa sababu ya rangi yake. Wachezaji Weusi hawakuingia kwenye timu hiyo mpaka alipokuja LaVannes Squires mwaka 1951, miaka 15 baada ya McLendon kuhitimu. Lakini mwalimu aliyemsimamia masomo alikuwa Naismith, mzee wa miaka zaidi ya 70, na hakumfunga mlango wake. Mwaka 1936 McLendon akawa Mweusi wa kwanza kupata shahada ya elimu ya viungo chuoni hapo. Hakuwahi kuivaa jezi ya Kansas hata mara moja.

Hesabu alizozalisha ni hizi. Katika chuo cha Weusi cha North Carolina, mjini Durham, timu yake ilicheza kwa kasi ambayo wapinzani hawakuwa wameizoea: mpira ukishapatikana unakimbizwa, na adui anabanwa uwanja mzima, tangu chini ya kikapu chake. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 12 Machi 1944, ilicheza na kikosi cha Wazungu kutoka shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Duke. Huko Kusini mwa Marekani, wakati huo, Weusi na Wazungu kucheza pamoja kulikuwa hatari ya kweli. Milango ikafungwa kwa ufunguo na hapakuwa na watazamaji. Matokeo: 88 kwa 44. Mara mbili kamili, bila pointi ya ziada! Kisha wakavua fulana, wakachanganyika, Weusi na Wazungu kila upande, wakacheza tena. Habari yenyewe ilikaa zaidi ya miaka 50 kabla ya kuandikwa hadharani, na sijui mechi ya siri kuliko hiyo.

Halafu akahamia Tennessee State. Ubingwa wa taifa wa NAIA, jumuiya ya vyuo vidogo vya Marekani, mwaka 1957. Tena 1958. Tena 1959. Kocha John Wooden wa UCLA, atakayekuja kutawala miaka ya 1960 na 1970, alikuwa bado hajachukua hata taji moja. Mwaka 1961 McLendon akaongoza Cleveland Pipers na kuwa mmoja wa makocha wakuu wa kwanza Weusi katika ligi ya kulipwa. Jumba la Heshima la mpira wa kikapu limemwingiza mara mbili, mwaka 1979 kwa mchango wake na 2016 kama kocha. Jumba hilo liko Springfield, nalo linaitwa kwa jina la mwalimu wake.

10. Mechi chache zaidi kwa mvumbuzi: mbili

Inasimuliwa kwamba Naismith aliucheza mchezo wake katika mechi mbili tu maishani. Mchezaji wa klabu ya Ligi Kuu humpita kwa wikiendi mbili na moja ya katikati ya wiki. Mkewe, Maude Sherman, waliyefunga ndoa mwaka 1894, alikuwa naye miongoni mwa wanawake wa mwanzo kuucheza, kwa hiyo nyumba hiyo haikukosa mtaalamu.

11. Siku kubwa zaidi: Berlin, 1936

Mpira wa kikapu ulipoingia Olimpiki rasmi, Allen alikuwa mstari wa mbele kuupigania, na chama cha makocha wa Marekani kilichangisha fedha ili mzee asikose. Naismith alikuwa na miaka 74. Timu za nchi 21 zilicheza, na yeye ndiye aliyerusha mpira wa kwanza, Estonia dhidi ya Ufaransa.

Fainali ilichezwa tarehe 14 Agosti nje, kwenye viwanja vya tenisi vya udongo, mvua ikinyesha. Mpira haukudunda, ulitua kwenye tope ukabaki hapo. Marekani 19, Kanada 8. Hakuna fainali ya Olimpiki ya wanaume yenye pointi chache kuliko hizo 27, na nyota wa NBA Wilt Chamberlain, aliyewahi kuichezea Kansas, alifunga 100 peke yake usiku mmoja mwaka 1962. Lakini angalia majina ya washindi. Dhahabu ilikwenda kwa nchi aliyochukua uraia wake, fedha kwa nchi aliyozaliwa, na mwenye kuwakabidhi medali alikuwa Naismith mwenyewe!

12. Karatasi ghali zaidi: dola milioni 4.3

Zile sheria 13 zilipigwa chapa kwenye kurasa mbili na kubandikwa ukutani Springfield. Tarehe 10 Desemba 2010 kurasa hizo ziliuzwa kwenye mnada wa New York kwa dola milioni 4.3, bei ambayo hakuna kumbukumbu ya michezo iliyokuwa imewahi kuifikia mpaka siku hiyo. Ni zaidi ya dola milioni mbili kwa ukurasa, na zaidi ya dola laki tatu kwa kila sheria. Mnunuzi, David Booth, amesoma Kansas, na amezipeleka chuoni. Mwandishi wa sheria hizo hakutajirika na mchezo huo.

13. Watu wengi zaidi, kelele kubwa zaidi

FIBA imewahi kutaja wachezaji milioni 450 duniani, katika vyama vya nchi 212. Sensa ya mwaka 2022 iliikuta Tanzania na watu milioni 61.7. Chukua Tanzania saba, kila mtoto, kila bibi, kila mtu wa Bara na Visiwani apewe mpira, na bado wachezaji watabaki.

Umati mkubwa kuliko wote kutazama mechi moja ya kikapu ulikusanyika Arlington, Texas, tarehe 14 Februari 2010, kwenye mechi ya nyota wa NBA: watu 108,713. Jaza Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000, na zaidi ya 48,000 watabaki nje wakisukumana getini. Mji wa Lawrence wote, alikofundisha na kuzikwa Naismith, una watu karibu 95,000.

Katika mji huo huo kuna ukumbi wa Kansas uliopewa jina la Allen, mwanafunzi wake. Kwa miaka mingi uliingiza watu 16,300; BK Arena ya Kigali, yenye viti 10,000, ingejaa na watu 6,300 wangekosa pa kukaa. Barabara inayofika mlangoni ni Naismith Drive. Sakafu yenyewe inaitwa Uwanja wa James Naismith. Na tarehe 13 Februari 2017, mashabiki waliokuwa wameizunguka sakafu hiyo walipiga kelele za desibeli 130.4, wakaandikwa katika kitabu cha Guinness kwa mngurumo mkubwa kuliko wote uliowahi kupimwa ndani ya ukumbi wa michezo!